Baba, isale na kengele ambayo haikulia

Baba mdogo alifariki Oktoba 2023, usiku wa kuamkia Jumatano, na asubuhi yake kengele haikulia.

Aliyekulia Machame, kwetu mlimani Kilimanjaro, haelezwi uzito wa jambo hilo. Kwetu msharika akifariki, kengele ya kanisa hupigwa. Mwenye jembe huliegemea, aliyejitwika majani ya ng'ombe huyatua, watu wakaulizana ng'ambo hadi ng'ambo ya mfongo, mfereji wetu wa maji, ni nani. Umande haujakauka, akina mama wameshaanza kukatiza migombani, huyu na mkungu, huyu na kibuyu cha maziwa. Sisi tulipiga simu. Nilikuwa nyumbani kwa likizo, kwa sababu hali yake ilishabadilika tangu Septemba, na nilikaa kwenye ngazi za nyumba yake kuanzia saa moja asubuhi nikipigia watu. Karibu kila mmoja, akishatoa pole, aliuliza: "Mbona hatujasikia kengele?"

Nilijibu nini, na mjane yuko hatua tatu nyuma yangu? Baba mdogo alikuwa ametengwa.

Kwa asiyezijua sharika zetu za Kilutheri: mtu aliyebatizwa na kupata kipaimara, akiishi na mwanamke bila ndoa ya kanisa, hutengwa. Hashiriki Meza ya Bwana, hasimamii ubatizo wa mtoto wa mtu, mpaka siku atakaposimama mbele ya usharika akaomba radhi na kurudishwa kundini. Baba mdogo aliishi na mama mdogo miaka kumi na tisa, wakapata watoto watatu. Alikuwa akisema atarudi kundini siku watakayoitwa pia wale waliowazalisha mabinti wa watu wakajificha kwenye kwaya. Hawakuitwa, naye hakwenda. Lakini kila mwaka wakati wa mavuno alituma mkungu kwenye mnada wa kanisa, mkungu wa kuonekana, halafu akasimama nje ya ua kusikiliza umeuzwa shilingi ngapi. Nilikuwa nasimama naye nikiwa mtoto. Mkungu wake ukipanda bei alinibana bega.

Wazee wa kanisa walikaa jioni ileile ya Jumatano. Baba yangu ni mmoja wao. Amekuwa mzee wa kanisa tangu nikiwa darasa la pili. Utaratibu ukasomwa: aliyefariki akiwa nje ya kundi hafanyiwi ibada ya mazishi, mwili hauingii kanisani, mchungaji haji. Mwinjilisti anaweza kufika nyumbani kuomba na wafiwa, basi. Wakamwuliza baba kama ana neno, kwa kuwa marehemu ni ndugu yake wa tumbo moja. Sikuyapata haya kwa watu. Aliniambia mwenyewe usiku ule, amekaa kitandani anafungua kamba za viatu.

"Ukasemaje, baba?"

"Nilisema sina neno."

Kiatu kimoja kilikuwa bado mguuni. Nikatoka, nikamwacha nacho.

Tulimzika Jumamosi kwenye kihamba chake, shamba lake la urithi, karibu na mibuni. Mkubwa wa ukoo ndiye aliyeongoza. Wanakwaya walikuja kama majirani, bila majoho, wakaimba nyimbo wanazozijua bila kitabu. Mwinjilisti aliomba sala fupi akiwa ndani ya koti la mvua. Watu walikuwa wengi, siwezi kusema vinginevyo. Lakini kila gari lilipopita juu barabarani, mama mdogo aligeuza shingo kuangalia huko. Nilimwona akifanya hivyo mara nne, mpaka udongo ukasawazishwa.

Kesho yake kilikaa kikao cha ukoo: madeni, ada za watoto, nani atasimama na mjane. Mbege ilishazunguka mara moja. Nikaomba nafasi ya kusema. Nilikuwa na miaka 26, kitinda mimba wa baba, na kwa mila yetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na makaburi yake. Kwa hiyo wazee walinyamaza wanisikilize. Nikasema maneno ambayo nilikuwa nimeyapanga usiku kucha, moja baada ya jingine, kama mtu anayenoa panga:

"Baba, wewe ulimzika ndugu yako kwenye rejista ya kanisa miaka mingi kabla hajafa. Jana tumemalizia tu. Mimi leo nasema mbele ya ukoo: huyo Mungu wenu simwamini, sijamwamini tangu nikiwa chuo. Na baba anayeiheshimu rejista kuliko tumbo lililomzaa, naye simjui."

Hakuna aliyekohoa. Baba alivua kofia, akaiweka gotini, akaupapasa ukingo wake mara mbili tatu. Halafu akamgeukia mkubwa wa ukoo.

"Mwenye kikao, tuendelee."

Jumatatu alfajiri niliondoka. Sikumuaga baba. Nilikaa miezi kumi na nne bila kuisikia sauti yake.

Nataka nieleze kutoamini kwangu kulikotoka, maana nyumbani wengi wanadhani nilikorofishana na mtu wa kanisa, au kuna kundi niliingizwa nikiwa Dar es Salaam. Hapana. Nilikuwa mwanafunzi mzuri wa kipaimara. Miaka miwili, kila Jumamosi, Katekisimu Ndogo ya Luther kwa kichwa. Kila amri, kila ombi la Baba Yetu, linafuatwa na swali lilelile: maana yake nini? Jibu liko hapohapo chini, unalikariri unaendelea. Mimi majibu yalipita, swali likanikaa.

Chuo Kikuu nikasoma jiolojia. Mlima niliouangalia kila asubuhi nikinawa uso uani, nikaufahamu upya, kilele kwa kilele: Shira ilitangulia, zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, ikazimika na kuporomoka; Mawenzi nayo ikalipuka na kuliwa na mvua na barafu; Kibo ndiyo ya mwisho, ikapanda mpaka mita 5,895. Udongo mwekundu tunaolimia migomba ni mawe ya moto yaliyooza taratibu. Hakuna mwalimu aliyeniambia Mungu hayupo. Ni kwamba kila nilipouliza maana yake nini, jibu lilikuja bila yeye kutajwa, na nikatosheka nalo. Siku moja nikiwa mwaka wa pili niligundua nimepitisha wiki nyingi bila kusali na sikuwa nimeona tofauti. Nilikaa kitandani nikaogopa kidogo. Halafu hofu ikaisha, ikaja fahari.

Fahari hiyo niliilea. Kazi yangu ni kupima maji ardhini kwa ajili ya visima virefu, zaidi Singida, kwenye miamba migumu ya matale, ambako maji hukaa kwenye nyufa, ukikosa ufa umekosa maji. Siku ya kuchimba wanakijiji hukusanyika, na kabla rigi, mashine ya kuchimbia, haijawashwa mtu huomba, leo shehe, kesho mwinjilisti, siku nyingine wote wawili. Kila mtu huinamisha kichwa. Mimi nilisimama wima, mikono mfukoni, nikitazama mnara wa rigi. Niliona kuinamisha kichwa ni kusema uongo kwa shingo. Wazee wa vijiji waliniona. Nilitaka wanione.

Na baba tulibishana tangu zamani, lakini kwa amani, kwenye kibaraza, jioni. Yeye ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na historia ya mlima wetu anaijua kwa tarehe. Nilimwambia Wamisionari wa Leipzig walifika huku 1893, na Machi 1900 Wajerumani wenzao wa serikali wakamnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, palepale kwake pamoja na viongozi wengine 18. Injili na kamba vimepanda mlima huu njia moja. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyozoea kumsikiliza mwanafunzi, akajibu: "Waliomnyonga Meli ni Wajerumani. Babu yako aliyebatizwa hakuwa Mjerumani. Aliyoyakubali aliyakubali kwa akili yake, usimvue akili ili umpate Mjerumani."

Jibu hilo sikuliweza. Nilibadilisha mazungumzo.

Siku nyingine alinikamata kwa Rebmann. Johannes Rebmann, mmisionari aliyekuwa Rabai karibu na Mombasa, ndiye Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameona theluji juu ya Kibo, Mei 1848. Wataalamu wa jiografia huko London, watu ambao hawakuwahi kukanyaga huku, wakamkatalia: karibu na ikweta theluji haiwezekani. Babu zetu walikuwa wameitazama nyeupe ile miaka yote, hawakuulizwa. "Unaona?" baba akasema. "Wasomi walikaa mbali wakakataa. Aliyefika aliona."

Nikamjibu kwamba ubishi ule haukumalizwa kwa imani. Ulimalizwa kwa miguu: mwaka 1862 Baron von der Decken na Otto Kersten walipanda kupita mita elfu nne, theluji ikawaangukia. "Walithibitisha kwa kupanda, baba."

Baba akanitazama muda, chai ikipoa mkononi. "Basi na wewe panda."

Nilidhani nimeshinda siku ile. Leo nikiisoma tena sentensi yake naona alikuwa ananiambia jambo ambalo mimi, mpimaji, ningepaswa kulielewa haraka: kwamba nilikuwa nimekaa London.

Sasa nirudi kwenye ile miezi kumi na nne. Nilipiga simu kwa mama kila Jumapili mchana, baada ya ibada. Baba akiwa karibu nilimsikia akikohoa, au redio yake. Mama alisema, "Baba yako anakusalimu," na mimi nikasema, "Mpe shikamoo." Tulijua wote watatu kwamba hajanisalimu na shikamoo haijafikishwa. Mama alibeba salamu za uongo pande zote mbili mwaka mzima, mwanamke ambaye hajawahi kusema uongo hata kwa mgambo wa soko.

Novemba 2024 nilimpigia nikiwa saiti. Kisima cha siku ile kilikuwa kikavu, mita 120, vumbi tupu, baada ya vipimo vyangu vyote kusema kuna ufa. Nilikuwa nimekaa kwenye bomba nikimsikiliza mama akieleza ibada, nani ameoza binti, nani kaanguka mgombani. Halafu akasema, kwa sauti ileile ya habari za kawaida, "Leo tena baba yako hakwenda mezani."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Haendi. Tangu msiba haendi."

Nikamwambia sielewi. Akanieleza. Wanakaa safu ya tatu, upande wa kushoto, mahali pao pa siku zote. Siku ya Meza ya Bwana, safu ikisimama kwenda mbele, baba anabaki amekaa. Anageuza magoti pembeni ili watu wapite. Wakirudi anayageuza tena. Baadaye kama kawaida anasaidia kuhesabu bahasha za ahadi, anasaini, anarudi nyumbani. Miezi kumi na tatu. Hakuna aliyemtenga. Mchungaji amemwita ofisini mara mbili kumwuliza, na amejibu kwamba kuna Andiko linamzuia.

"Andiko gani?"

"Lile la Mathayo. La sadaka."

Lile nilikuwa nalijua tangu kipaimara. Ukileta sadaka yako madhabahuni ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka palepale, nenda ukapatane naye kwanza. Mara ya kwanza nililikariri nikiwa na miaka kumi na minne, na sasa, nimekaa kwenye bomba Singida, neno "neno" likanishtua. Ndugu yako ana neno juu yako. Baba aliulizwa kama ana neno, akasema hana. Ndugu yake alikufa na neno lake. Na mwanawe alilisema lake mbele ya ukoo akaondoka nalo.

Vijana wa rigi walikuwa wanafungasha. Nilibaki pale kwa muda mrefu. Nilifikiria kile kisima kikavu. Sikuwahi, kwa sababu ya kisima kikavu, kusema mashine ya kupima ni mwongo, au fani nzima ya jiolojia ni ya kutupwa. Hupima tena. Lakini baba alikosea mara moja, usiku mmoja, mbele ya watu wazima wenzake wenye utaratibu mkononi, nami nikafuta jina lake. Nilikuwa na rejista yangu. Ilikuwa na safu moja tu, waaminifu kwa ukweli na wasio waaminifu, na mimi ndiye niliyekuwa mchungaji, mwinjilisti na baraza la wazee. Nilimtenga baba yangu bila kikao. Na yeye, akiwa na haki zote za kwenda mbele, alikubali hukumu yangu. Alikubali hukumu ya mtoto asiyeamini akaitumikia kanisani, Jumapili baada ya Jumapili, mbele ya watu waliojua kwa nini.

Nasema wazi, hili halinibadilishi kuhusu ule utaratibu. Bado naona ni kosa kumnyima maiti kengele ili kuwafundisha walio hai. Mama mdogo ndiye aliyeadhibiwa, na watoto watatu walioulizwa shuleni mbona kwao hakukuwa na mchungaji. Hilo nitalisema popote.

Desemba nilipanda basi Singida, nikapita Babati na Arusha, nikashuka njia panda ya Machame tarehe 23 jioni. Magari ya wanaotoka Dar yalikuwa yamejipanga mpaka kwenye daraja, watu wamebeba mchele, magodoro na majokofu juu. Nyumbani baba alikuwa zizini. Nikamwamkia kwa mbali, akaitikia marahaba kwa mbali. Sikukuu tuliila hivyo. Mbuzi alichinjwa, kisusio kikapikwa, nyama ikagawiwa kila mtu na fungu lake kwa daraja lake, na fungu langu la kitinda mimba baba alilikata mwenyewe akampa kaka aniletee. Baba alikuwa amekaa karibu nami kuliko alivyokuwa karibu na kaka. Fungu lilisafiri hatua sita kwenda na sita kurudi.

Tarehe 26 mchana nilikwenda kwenye mpaka wa kihamba cha baba na cha baba mdogo. Mpaka wetu, kama mipaka yote ya mlimani, ni masale. Asiyeijua: isale ni mmea wa majani marefu, ya kijani kibichi, ambao Wachagga huupanda mipakani na makaburini. Jani lake ndilo la kuombea msamaha. Mtu aliyekosa, hata kosa kubwa, akikuletea jani la isale lililofungwa fundo, huwezi kumkataa. Unaweza kulia, unaweza kumwambia yote uliyo nayo, lakini jani utalipokea. Wamisionari walituachia hilo, au labda hawakuweza kulichukua.

Masale yale babu aliyapanda siku alipowagawia wanawe wawili ardhi. Nilisimama nimeshika jani bila kulikata. Nikajiuliza kwa kweli: nimekataa kuinamisha kichwa kisimani, nimekataa sala mezani, sasa nabeba jani? Jani hili lina nini ndani yake? Maji na kijani. Nilijijibu kwamba halina nguvu yoyote ila ile ambayo mimi na baba tunaijua, kwamba kabla yetu watu wengi wa ukoo huu wamelipeleka na kulipokea, na hilo latosha. Na papo hapo nikaona kwamba kengele nayo ilikuwa hivyohivyo. Mimi nisiyeamini nilichotaka kwa ajili ya baba mdogo, nilichokosea watu adabu kwa ajili yake, kilikuwa chuma kinachogongwa. Nilikihitaji kwa sababu wote tunajua maana yake nini.

Nikalikata. Nikalifunga fundo. Fundo la kwanza lilichanika kwa sababu nilivuta kwa nguvu, nikakata jani jingine.

Baba alikuwa kibarazani peke yake. Nikapiga goti moja, nikalinyoosha kwa mikono miwili. Mikono ilitetemeka na sikuificha.

"Baba, kwenye kikao cha ukoo nilisema maneno mawili. Lile la kwamba sikujui nimekuja kulifuta. Lile la kwanza, la Mungu, siwezi kulifuta, nikilifuta nitakuwa nakudanganya na jani mkononi."

Alikaa kimya kidogo tu, nadhani, ingawa kwangu ulikuwa muda mrefu. Akalipokea kwa mikono miwili.

"La kwanza si langu kulipokea," akasema. "Hili nimelipokea."

Akaniambia nikae. Akalizungusha jani vidoleni, akaniuliza, "Ningesema neno siku ile, unadhani kengele ingelia?"

"Sijui, baba."

"Mimi najua. Isingelia. Tulikuwa saba, na wote walishaamua." Akaliweka jani juu ya meza ndogo, penye miwani yake. "Lakini ningekuwa nimesema."

Sijawahi kumwona baba akilia na sikumwona siku ile. Alivua kofia tu.

Asubuhi ya tarehe 27 alinituma nikakate jani jingine, palepale mpakani, tukaenda wawili kwa mama mdogo. Alikuwa anapepeta maharage. Baba, mwenye miaka sabini na mbili, alipiga goti kwenye maganda. Mama mdogo hakulipokea haraka. Aliendelea kushika ungo, akamtazama shemeji yake pale chini, na mimi nikaogopa kwamba leo mila itavunjika. Akaeleza yote. Alieleza magari yaliyopita barabarani. Alieleza jinsi mtoto wa mwisho alivyouliza kama baba yake alikuwa mwizi. Baba hakujitetea hata kwa neno moja. Mwisho mama mdogo aliweka ungo chini, akapangusa mikono kwenye kanga.

"Limechelewa, shemeji. Lakini nimelipokea."

Tulipokuwa tunarudi baba aliniuliza kama Jumapili nitakwenda ibadani.

"Nitakuja. Ila mezani sitakwenda."

"Sijakuita mezani," akasema. "Nimekuita ukae."

Jumapili ilikuwa tarehe 29 Desemba 2024. Nilivaa shati jeupe ambalo mama alilipiga pasi mara mbili. Kanisa lilijaa, wa Dar, wa Arusha, watoto wasiojua Kimachame wakiulizana vyoo viko wapi. Tulikaa safu ya tatu, kushoto: mimi pembeni penye njia, kisha baba, kisha mama, kisha kaka na mkewe. Wimbo sikuimba. Sala ilipofika niliinamisha kichwa, kwa mara ya kwanza tangu chuo. Sikusema lolote ndani, nilitazama viatu vya baba. Kamba zilikuwa zimefungwa vizuri, mafundo sawa kwa sawa.

Mchungaji akaita. Safu ya kwanza ikasimama, ikaenda, ikarudi. Safu ya pili. Nilihisi watu wa nyuma wanatuangalia, maana kila mtu pale alishazoea kumwona mzee huyu akibaki. Mama hakugeuka kumtazama. Alikuwa ameshika kitambaa chake amekikunja kadogo kabisa.

Baba akashika mgongo wa benchi la mbele, akasimama.

Nikageuza magoti pembeni, apite.